Kabla ya plagi, fungua bolti hii

Mlioko nyuma hamkioni nilichoshika, maana ni kidogo kuliko ncha ya kidole. Ni chujio la oili ya VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa vali kufunguka na kufunga; nimelitoa nyuma ya bolti hiyo kwenye injini ya 1NZ-FE, ya Toyota IST ya kawaida kabisa. Tope lililoziba wavu wake nimelikwangua kwa ukucha kama ukoko wa ugali.

Gari lenyewe mjini lilikuwa halina neno. Lilipofika mlima Kitonga likagoma: mwenyewe kakanyaga mpaka chini, injini inalalama, lori lenye tela linampita! Akazunguka gereji tatu. Ya kwanza ikamwuzia plagi, ya pili koili, ya tatu pampu ya mafuta. Taa ya injini inawaka muda wote, na hakuna aliyechomeka mashine kuisoma. Mmoja aliiziba kwa selotepu nyeusi. Naam, selotepu!

Kilichotokea ni hiki. Vali ya kuingiza hewa haifungi pale pistoni inapofika chini, hukawia kidogo. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 50 kwa sekunde, na hewa inaingia kwa kasi kiasi kwamba inaendelea kujaa hata pistoni ikianza kupanda. Mlimani sasa, mizunguko michache, hewa imepoa miguu. Konda akichelewa kufunga mlango, abiria waliokwisha kuingia wanasukumwa nje. Hapo ndipo VVT-i huisogeza kemshafti, ule mhimili unaofungua vali, mbele, vali ifunge mapema, hewa ibaki ndani.

Na nani anaisogeza? Kompyuta inaagiza tu. Anayesukuma ni oili! Oili ileile uliyoambiwa "bado bado, ongezea nusu lita". Chujio likiziba, kemshafti inabaki mahali pake pa kupumzikia, ambapo sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, inatulia vizuri na mteja anaapa gari halina tatizo.

Namsikia mzee wangu pale anaguna: Corolla za zamani hazikuwa na mambo haya na Kitonga zilipanda. Zilipanda, mzee. Lakini aliyechonga kemshafti zile alilazimika kuchagua, nguvu iwe kwenye mizunguko ya chini au ya juu. VVT-i imemwondolea huko kuchagua. Haijaongeza farasi kutoka mbinguni, na wanaobandika stika ya VVT-i kwenye buti wanisamehe.

Nilitaka kugusa VTEC ya Honda, ya mwaka 1989, ile inayobadilisha hata kina cha vali kufunguka, lakini naona mratibu ananionyesha saa. Alfa Romeo ya 1980, yenye mchezo huohuo, ndiyo kabisa, tuiache.

Vijana, sogeeni mezani. Hii ndiyo vali ya oili, hii betri ya volti 12. Gusisha waya, achia. Mmesikia "tak"? Ni nzima. Usishikilie, wewe! Utaiunguza, na ndiyo pekee niliyo nayo.