Namba moja ya tarakimu 21 na vigawo vyake

Mabibi na mabwana, leo tunashughulika na namba moja: 147,573,952,589,676,412,927. Ni 2⁶⁷ kutoa 1.

Mwaka 1644 mwanahisabati Marin Mersenne wa Ufaransa aliiweka katika orodha yake ya namba tasa. Mwaka 1876 mwanahisabati mwingine wa Ufaransa, Édouard Lucas, akathibitisha kwamba si tasa, bila kutaja kigawo hata kimoja. Vigawo vyenyewe alivitoa mwanahisabati wa Marekani, Frank Nelson Cole, mwaka 1903. Miaka 27 ilipita kati yao, kwa sababu kujua kwamba namba inagawanyika ni kazi moja, na kujua inagawanywa na namba zipi ni kazi nyingine, ngumu mno kuliko ya kwanza.

Kazi ya kwanza ni fupi. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, chukua baki, kisha rudia. Kwa kipeo cha 67 unarudia mara 65. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Jaribuni 31, yaani 2⁵ kutoa 1, ambayo inahitaji mara 3: 4, 14, 8, 0. Ni tasa. Angalieni hatari yake: ukikosea tarakimu moja njiani, sifuri karibu hakika itapotea, na namba tasa utaihukumu kuwa si tasa. Kwa hiyo hesabu hii hufanywa mara mbili.

Namba yetu haifiki sifuri. Lakini baki linalotoka halitaji kigawo chochote, na hapo kazi ya pili inaanza.

Hatujaribu kila namba. Kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe 134k + 1 (134 ni mara mbili ya 67, na k ni namba nzima yoyote), na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Maana yake k igawanyike kwa 4, au ibakize 1. Anzeni: 135, 537, 671, 1073, 1207. Zote si tasa, tunaziruka. Ya kwanza kustahili ni 1609, pale k ni 12.

Kuipima 1609 hatuhitaji kuigusa namba ndefu. Tunatafuta baki la 2⁶⁷ tu. Likiwa 1, tumepata kigawo. Kwa 1609, 2¹⁶ inabakiza 1176. Izidishe kwa yenyewe: 2³² inabakiza 845. Mara mbili: 2³³ inabakiza 81. 81 mara 81, gawanya: 2⁶⁶ inabakiza 125. Mara mbili: 2⁶⁷ inabakiza 250. Si 1, basi 1609 imeanguka. Wengi husahau kuzidisha kwa 2 pale kipeo kinapokuwa witiri, na kosa hilo linaweza kukupitisha juu ya kigawo halisi bila kukiona.

Endeleeni hivyo hadi k ifike 1,445,580. Hapo tuna 193,707,721. 2³³ inabakiza 66,794,868. Izidishe kwa yenyewe, kisha mara mbili, gawanya: baki ni 1. Kigawo cha pili ni 761,838,257,287.

Je, hicho cha pili ni tasa? Hapa utaratibu wetu unalipa vizuri sana. Kipeuo chake cha pili hakifiki 873,000, nasi tumekwisha kupima kila kinachostahili chini ya milioni 193. Kingekuwa na kigawo kidogo, tungekikuta njiani. Kwa hiyo ni tasa, bila hesabu ya ziada. Ila aliyeruka hata k moja hana haki ya kusema hivyo.

Kwa vipeo vikubwa njia hii haitoshi. 2¹²⁷⁷ kutoa 1 ina tarakimu 385. Kipimo cha kwanza kimekwisha kuonyesha kwamba si tasa, na bado hakijajulikana kigawo chake hata kimoja.