Bizilizi zinapukutika? Geuza jani utazame chini

Assalaam alaykum wapenzi, karibuni tena bustanini kwangu, hapa Uingereza. Leo ni bizilizi, yale maua ya kivulini. Na kabla hamjaniandikia kwamba zangu zinataka mbolea: hazitaki. Zinaumwa.

Waingereza wanaziona zao, lakini asili yake ni kwetu, Afrika Mashariki. Zamani vitabuni ziliitwa Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar; siku hizi ni Impatiens walleriana. Mimi Mzanzibari, niacheni niringe kidogo.

Haya. Amka mapema, majani bado mabichi kwa umande. Tafuta jani lililopauka, kingo zimejikunja kuelekea chini. Ligeuze. Mwanangu, sogeza kamera... siyo kidole changu, jani! Rudi nyuma kidogo. Hapo hapo. Mnauona huo unga mweupe? Ndio ubwiri vinyoya.

Unga ukiwa juu ya jani, huo ni ubwiri unga, ugonjwa mwingine. Ukiona vidoa vya njano na utando mwembamba, hao ni utitiri. Huu wetu unakaa chini ya jani. Chini, jamani, watu wanatazama juu tu halafu wanasema mmea mzima. Ukichelewa, majani na maua yote yanapukutika, vinabaki vijiti vya kijani vimesimama.

Dawa? Mche ukishaugua hauponi. Hapa Uingereza ugonjwa ulionekana mara ya kwanza 2003, na 2011 ukarudi kwa kishindo, tena safari hii metalaksili, dawa waliyoitegemea wenye vitalu, haikufua dafu. Kwa hiyo sisi wa bustani za nyumbani tunang'oa.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Mfuko kwanza. Mvishe mche mfuko wa plastiki mpaka shinani, ushike shina ukiwa nje ya mfuko, ndipo uvute. Mfuko kwanza, kung'oa baadaye! Ule unga ni mbegu za ugonjwa, zinapaa na upepo mpaka kwa jirani. Na usikung'ute udongo wa mizizi. Mkono utakuwasha kukung'uta, najua, ni mazoea, usikung'ute. Msiniulize nimejuaje.

Ngoja, upepo huo. Zima. Zima kamera kwanza.

Tumerudi. Siku ya upepo hatung'oi, mmeona wenyewe. Funga mfuko, okota na majani yaliyoanguka, yote. Usitupe kwenye lundo la mboji, maana ndani ya mashina kuna mbegu nyingine ngumu zinazolala udongoni zikisubiri msimu ujao. Udongo wa chungu mwaga, chungu osha. Kitandani mwa maua usirudishe bizilizi mwakani. Panda begonia au fuksia. Mimi begonia sizipendi, zinanikalia kama maua ya hotelini, lakini kivuli zinakiweza. Ziko pia bizilizi za New Guinea, jani kubwa zaidi, ugonjwa huu hauzisumbui sana.

Kumwagilia: asubuhi, shinani, si juu ya majani. Jani likilala na maji usiku wa baridi, umeukaribisha. Na miche usiibananishe, hewa ipite.

Mtu asiyetaka kuziacha bizilizi za kawaida, na mimi ni mmoja wao, atafute aina ya Beacon, imezalishwa kuhimili ugonjwa huu. Ndiyo ninayouza, sifichi. Hii trei hapa... mwanangu, onesha trei. Trei, si paka. Miche yenyewe ni mifupi bado, lakini geuzeni jani: safi. Anayetaka aniandikie hapo chini aseme anataka rangi gani. Nyeupe zimebaki chache. Na aje na boksi lake, mifuko imeniishia kwenye kung'oa.