Mkono wa Rubani Haujui Kwamba Ndege Imebadilika

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokosa viti huko nyuma, asanteni kwa kuja. Wanaonifahamu wameshajua nitakachosema, naona wawili watatu wanatabasamu. Tabasamuni tu. Nitalisema mwaka huu, na nikiwa hai nitalisema mwakani.

Kila ninapoalikwa kuzungumza juu ya urubani wa kijeshi, maswali ni yale yale. Mzee, macho yawe vipi? Urefu uwe kiasi gani? Hesabu lazima nipate A? Nikivaa miwani ndiyo basi tena? Hamjawahi kuniuliza, hata mmoja wenu: huyo rubani akishachaguliwa, akishafuzu, akishabandikwa mabawa kifuani huku mama yake akilia kwa furaha, nini kinamuua? Adui tumweke pembeni. Nasema siku ile anapotolewa kwenye ndege aliyoizoea na kukabidhiwa nyingine. Hapo ndipo majeshi mengi yamepoteza vijana wazuri, wenye macho mazima na A zao zote za hesabu.

Twendeni Uingereza, mwaka 1940. Ndege zinatoka viwandani, vikosi vinazingoja, na marubani wa jeshi la anga hawawezi kupigana na wakati huo huo kuwa wasafirishaji. Kazi ya kuzipeleka ikawa ya Air Transport Auxiliary, ATA kwa kifupi, makao yao makuu White Waltham. Najua kuna mtu ameshainua nyusi: mzee, hao walikuwa raia. Walikuwa raia, ndiyo. Lakini Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza, haikuulizi kama wewe ni raia. Walirusha ndege zile zile za vita, na katika elimu ya kumhamisha mtu kutoka ndege hii kwenda ile sijaona waliowapita. Ndiyo maana siwaachi.

Waliwachukua akina nani? Waliokataliwa na jeshi! Wanaume waliokuwa wamezeeka, wengine waliopigana vita ya kwanza ya dunia. Alikuwepo Stewart Keith-Jopp, mkono mmoja, jicho moja. Rudia nami: jicho moja. Kijana wa miwani pale dirishani, kaa sawasawa. Halafu wakaja wanawake. Januari 1940 walianza wanane pale Hatfield, chini ya Pauline Gower. Walipewa Tiger Moth, ndege ya kujifunzia yenye chumba kisicho na paa, wazipeleke kaskazini katikati ya baridi kali. Wakubwa waliona hiyo inawatosha. Mwaka uliofuata wakaruhusiwa Hurricane, ndege ya kivita. Baadaye Lettice Curtis akafika mpaka kwenye ndege kubwa za mabomu zenye injini nne. Kwa jumla marubani wanawake walikuwa 168. Mpaka vita vinakwisha, ATA ilikuwa imehamisha ndege zaidi ya 300,000, za aina zaidi ya 140.

Aina zaidi ya 140! Rubani wa kikosi cha kivita alikuwa anazijua chache tu, na ile aliyopigania aliijua kama mfuko wake. Huyu wa ATA asubuhi anaondoka na Spitfire, mchana anakabidhiwa Wellington, ndege ya mabomu ya injini mbili, na kesho yake kitu ambacho hajawahi kukiona hata kwa mbali. Mwalimu hayupo, kwa kuwa ndege kama Spitfire ina kiti kimoja. Unajifunzia juu, peke yako. Redio hakuna, na kuruka ndani ya mawingu hawakufunzwa. Wengi walikufa, zaidi ya 150, sitaki mtoke hapa mkidhani ilikuwa mandari. Amy Johnson mwenyewe, rubani wao ambaye dunia nzima ilimjua, alipotea kwenye mlango wa mto Thames Januari 1941. Lakini angalieni hesabu ya ndege zilizofika.

Walifanyaje? Kwanza, waligawa ndege zote madaraja sita kwa tabia zake, wala hawakujali kazi yake vitani ni ipi. Daraja la kwanza, ndege nyepesi za injini moja. La pili, za injini moja zenye nguvu, akina Hurricane na Spitfire. La tatu na la nne, za injini mbili, nyepesi kisha nzito. La tano, injini nne. La sita, ndege zinazotua majini. Mtu anaanza chini, anafanya kazi kwenye daraja lake, kisha anarudi shule kufundishwa ndege moja au mbili za daraja linalofuata. Akifuzu, anaruhusiwa kurusha zote za daraja hilo, hata asizozijua. Pili, walimpa kijitabu cha kadi kilichofungwa kwa pete, kinaingia mfukoni. Kila aina ya ndege na kadi yake: kasi ya kupaa, kasi ya kuja kutua, vibawa, vile vipande vya nyuma ya bawa vya kusaidia kutua, vinateremshwa lini, na jambo gani la ndege hii litakushtua. Hiyo kadi unaisoma kabla hujapanda. Uliirusha wiki iliyopita? Soma.

Sasa hilo la kukushtua ndilo kiini, nipeni muda hapa.

Chukueni Spitfire za mwanzo. Magurudumu yalipandishwa kwa pampu ya mkono iliyokuwa upande wa kulia. Kwa hiyo ukishapaa tu, mkono wa kushoto unaacha wenzo wa injini na kushika usukani, mkono wa kulia unaacha usukani na kwenda kupiga pampu. Na usukani wa Spitfire ulikuwa mwepesi mno mbele na nyuma. Basi mgeni kila akisukuma pampu kwa mkono wa kulia, wa kushoto nao unasukuma kidogo. Ndege inapanda, inashuka, inapanda, inashuka. Waliosimama chini hawakuhitaji kuuliza nani amekuja kikosini leo.

Hilo linachekesha, maana ndege iko hewani na muda wa kujirekebisha upo. Lisilochekesha ni hili. Propela ikizunguka kwa nguvu zote, hewa inayosukumwa nyuma inajiviringisha kwenye mwili wa ndege na kuupiga mkia upande mmoja. Pua inavutwa. Kwa Spitfire za injini ya Merlin pua inavutwa kushoto, basi mguu wa kulia unakanyaga kuirudisha. Tena kabla ya kuondoka unaweka kulia trimu ya usukani wa mkia, yaani kidude kinachoushikilia usukani upande unaotaka, ikusaidie. Rubani anafanya hivyo mara mia, mara mia mbili, mpaka hafikirii tena. Wakufunzi tunamsifu: huyu sasa ameiva.

Halafu inakuja injini kubwa zaidi, Griffon. Spitfire ya kwanza ya Griffon iliyoingia vikosini, Mark XII, ilikuja mwaka 1943, na Mark XIV mwaka 1944. Merlin za mwanzo zilikuwa na nguvu za farasi kama 1,000. Griffon ya Mark XIV ilipita 2,000. Jina ni Spitfire, kiti ni kile kile, umbo la mabawa ni lile lile. Ila propela ya Griffon inazunguka upande wa pili. Pua sasa inavutwa kulia.

Mfuateni huyo rubani wetu aliyeiva. Anaweka trimu kulia kama kawaida yake. Anafungua injini, ndege inaanza kugeuka, na mguu wa kulia unakanyaga wenyewe. Nguvu ya injini inavuta kulia, trimu kulia, mguu kulia. Tatu kwa moja! Walionywa? Walionywa sana. Na bado wapo ambao miguu yao ilifanya ya zamani, wakajikuta wameiacha njia na kuelekea wasikokusudia.

Swali langu, na hili ndilo naomba mliandike: kati ya mgeni mwenye saa chache na mzoefu mwenye saa mia tano za Merlin, nani yuko hatarini zaidi asubuhi hiyo? Mzoefu. Mgeni anaogopa, anasoma, anafungua injini taratibu. Mzoefu anaijua Spitfire.

Mtu atasema: mzee, si akumbuke tu? Kumbuka, kumbuka. Wewe uliyezoea gari la Kijapani, siku umeazimwa la Kijerumani, ulipotaka kukata kona uliwasha nini? Wipa! Na mvua hakuna. Ulijua kwamba hilo ni gari jingine, hata uliringa nalo. Mkono haukuambiwa. Tofauti ni kwamba wipa haijamuua mtu.

Mwaka 1947 Wamarekani wawili, Paul Fitts na Richard Jones, walichambua visa 460 ambavyo jeshi liliviita makosa ya rubani. Karibu nusu ilikuwa mtu kushika wenzo mmoja akidhani ni mwingine. Tazameni rubani alivyowekewa mtego. Kwenye ndege zao kulikuwa na nyenzo tatu zilizopangwa pamoja: wa nguvu ya injini, wa pembe ya mapanga ya propela, na wa mchanganyiko wa mafuta na hewa. Kwenye B-25, ndege ya mabomu, kutoka kushoto: nguvu, propela, mchanganyiko. Kwenye C-47, ndege ya mizigo: propela, nguvu, mchanganyiko. Kwenye C-82, ya mizigo pia: mchanganyiko, nguvu, propela. Jeshi moja, sare moja, mshahara mmoja! Umekuja kutua kwa C-82, ukarudisha wa kushoto kabisa kama ulivyozoea kwenye B-25, umekata mafuta. Kisha bodi ya uchunguzi inakaa, inaandika: uzembe.

Wafaransa wao walikuwa na wenzo wa injini unaofanya kazi kinyume: ukitaka nguvu unavuta nyuma. Ndege za Curtiss walizoagiza Marekani zikatengenezwa hivyo. Ufaransa ilipoanguka mwaka 1940, zilizobaki zikaangukia mikononi mwa Waingereza, wakaziita Mohawk, na wakageuza wenzo kabla ya kuwapa marubani. Hao walikuwa na akili. Kubadilisha chuma ni rahisi kuliko kubadilisha mkono. Baadhi ya Mohawk zilifika huku kwetu Afrika Mashariki mwaka 1941 na kikosi cha Afrika Kusini, kupambana na Waitaliano.

Vile vile Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia. Marubani wa B-17, ndege kubwa ya mabomu ya Marekani, walikuwa wakitua salama, kisha badala ya kupandisha vibawa wanapandisha magurudumu, ndege inalala tumbo. Nyenzo mbili jirani, zimefanana. Dawa yake ilikuwa kichwa chenye umbo la gurudumu kwenye mmoja, na chenye umbo la kabari kwenye wa pili. Mpaka leo ukiingia kwenye ndege kubwa ya abiria utakuta hivyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naiona. Nilikuwa nimepanga kukaa sana kwenye Starfighter, F-104, jeti ya kivita ya Kimarekani, nitaikimbiza.

Ujerumani Magharibi ilichukua 916 na kupoteza karibu 300. Marubani 116 walikufa. Hispania ilikuwa na 21 na haikupoteza hata moja. Mkisikia hivyo mnasema Wahispania walichagua marubani bora. Hapana! Hispania iliitumia kulinda anga, juu, mara nyingi hali ikiwa nzuri. Wajerumani waliibebesha mabomu na kuirusha chini chini, kwenye mawingu na ukungu wa Ulaya. Na marubani wao walifundishwa wapi? Kambi ya Luke, Arizona, Marekani. Jangwani, ambako mwezi mzima unaweza usione wingu la maana. Ndege yenyewe mabawa mafupi kama nini. Inapotua, hewa kutoka kwenye injini inapulizwa juu ya vibawa kuyasaidia mabawa, kwa hiyo ukipunguza nguvu mapema, kama ulivyozoea kwenye jeti nyingine, inadondoka. Erich Hartmann, aliyeangusha ndege nyingi kuliko rubani yeyote katika historia, aliipinga ndege hiyo mapema: jeshi letu bado changa, haliiwezi. Hawakupenda kusikia. Mwaka 1966 Johannes Steinhoff alikabidhiwa uongozi wa jeshi la anga, akaanza kurekebisha matengenezo, viti vya kumrusha rubani nje ya ndege wakati wa hatari, na mafunzo. Matengenezo nayo yalikuwa sababu kubwa, msije mkasema nimeificha ili hadithi yangu inyooke.

Nilikuwa na sehemu nzima juu ya mitihani ya kuchagua, ule mpango wa Wamarekani wa kuwapa vijana alama 1 mpaka 9. Ulifanya kazi, walioanguka alama za chini wengi walishindwa kozi. Lakini ulitabiri nani atamaliza kozi, basi. Mengine someni.

La mwisho kabisa, Mwenyekiti, dakika moja. Msidhani mpaka ubadilishiwe ndege. Peleka ndege ile ile kutoka Mombasa hadi Nanyuki, zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari. Kipimo cha kasi kitakuambia kasi ile ile ya kutua, lakini kwa kweli unapita juu ya ardhi kwa kasi iliyozidi kwa asilimia zaidi ya 10, na injini imechoka kwa sababu hewa ni nyepesi. Njia inakwisha haraka. Kijana wa pwani anaona ardhi inakimbia kuliko alivyozoea, anadhani ana kasi nyingi mno, anapunguza. Ndege inaacha kuelea akiwa bado juu ya nyasi. Kwa hiyo mwalimu mzuri wa huko hamwachi mgeni wa pwani aruke peke yake siku ya kwanza, hata kama ana saa elfu mbili, hata kama ana cheo kuliko mwalimu. Cheo kikigoma, funguo za ndege zinabaki mfukoni mwa mwalimu.

Haya, maswali. Nyoosheni mikono, nitaanza na yule dada wa safu ya tatu.