Kwanza Saa, Halafu Darubini

Najua wengi mnangoja niwaambie mnunue kioo cha ukubwa gani ili mfuatilie mipito ya sayari za nyota nyingine. Mtangoja. Naanza na saa ya kompyuta, maana huko ndiko kazi nzuri zinakoharibika.

Chukueni sayari WASP-12b. Huizunguka nyota yake kwa siku 1.09, na ikipita mbele yake mwanga hupungua kwa asilimia 1.4 hivi, kwa saa karibu tatu. Mzunguko huo unafupika takriban milisekunde 29 kila mwaka: sayari inaporomokea nyota yake. Milisekunde 29 nani atazipima kwa darubini ya sentimita 25? Hakuna. Lakini mizunguko ni zaidi ya 330 kwa mwaka, na kila mmoja huanzia ulipoishia mwenzake, basi upungufu unalimbikizana. Baada ya miaka 10 mpito unawahi ratiba kwa kama dakika 8. Hizo utazinasa, hata kama kila usiku unakosea kwa dakika nzima.

Sasa, Dunia nayo haijatulia. WASP-12 iko karibu na njia ya Jua angani, kwa hiyo mwanga wake hutuwahi kwa dakika 8, na miezi sita baadaye hutuchelewa kwa dakika 8, ukipimwa kutoka kitovu cha Mfumo wa Jua. Usiposahihisha, grafu yako ya nyakati za mipito itapanda na kushuka kila mwaka, nawe utadhani kuna sayari nyingine inayoivuta hii, utangaze sayari mpya. Na kweli utakuwa umeiona sayari: hii tunayoikanyaga.

Ndiyo maana tunaandika BJD, yaani tarehe inayohesabiwa kwa siku kutoka kitovu hicho, kwa TDB, saa ya wanaanga isiyorukaruka, si kwa UTC, saa ya kawaida ya dunia. Tangu 2017 TDB na UTC zimeachana kwa sekunde 69.18. "Programu inafanya yenyewe," mtaniambia. AstroImageJ, programu ya kupima mwanga wa nyota kwenye picha, hufanya, naam, ukiipa UTC sahihi, mahali nyota ilipo na mahali ulipo wewe. Ukiipa saa ya Afrika Mashariki umekosea saa tatu, na hilo utalishtukia. Sekunde 69 hutazishtukia. Wala zile 30, pale faili la FITS, yaani faili la picha za anga, linapoandika muda shata (kifuniko cha kamera) ilipofunguka, picha ni ya sekunde 60, na kinachotakiwa ni katikati yake. Windows nayo ukiiacha ilivyo husawazisha saa yake kwa nadra mno. Weka programu ya NTP, inayochukua saa sahihi mtandaoni, iisawazishe usiku kucha.

"Lakini TESS, darubini ya kusaka sayari, iko angani," mtasema. Iko, inakodolea eneo moja siku 27 hivi, kisha inahama. Miaka isipokuwa inatazama eneo hilo ataijaza nani?

Mwenyekiti ananinyooshea kidole kwamba muda umeisha, haya mengine nayakimbia. Anza saa nzima kabla ya mpito, maliza saa nzima baada yake. Ukikosa upande mmoja, katikati ya mpito unapabahatisha. Legeza fokasi kidogo, kilele cha mwanga wa nyota kisipite hesabu 40,000 kwenye kamera ya biti 16. Nyota za kulinganishia mwanga ziwe za rangi inayokaribiana na yako. Na mhimili wa darubini ukigeuka upande wa pili katikati ya mpito, nyota zitaangukia pikseli nyingine na grafu ya mwanga itaruka. Hapo ndipo flati mbovu, zile picha za kusahihisha tofauti za pikseli, zinapoumbuka.