Hiyo Namba Moja Ni Namba Moja ya Nani?

Mhadhara kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo, Dodoma, kabla ya mkutano mkuu

Mbukwenyi! Naona nusu ya ukumbi imeitika salamu ya Kigogo, nusu nyingine inatazamana. Hao ndio wenzetu waliohamia na wizara. Karibuni, mtajifunza taratibu. Wazee wangu shikamooni.

Mwenyekiti amenipa dakika arobaini nizungumze namna ya kuchagua gari kwa mkopo wa chama, hasa hizi SUV ndogo ambazo kila fomu ya mkopo siku hizi inazitaja. Wengi wenu mmeshanisikia nikilalamikia zile orodha za mtandaoni za magari bora. Mke wangu amelisikia mpaka akiona nafungua mdomo anaongeza sauti ya redio. Kwa hiyo leo nalalamika rasmi, nikiwa na kipaza sauti.

Nianze na shemeji yangu. Amejenga Ihumwa, kazini kwake Mtumba. Asubuhi akiwasha gari, injini haijapata moto sawasawa, ameshafika getini. Jioni vivyo hivyo. Mwaka juzi mkopo wake ulipopita, alikaa miezi miwili akisoma orodha za mtandaoni: SUV ndogo kumi bora, SUV ndogo saba za kununua. Kila usiku ananipigia. "Shemeji, ile imeshuka, sasa ni ya tatu." Imeshuka wapi, namuuliza, ngazini? Namwambia njoo gereji kwangu tukae, tuzungumze safari zako. Hana muda, anasoma.

Akanunua iliyokuwa ya kwanza. Ya dizeli, used kutoka nje, imetulia, viti vya ngozi, ukikaa ndani unajiona naibu waziri. Jina lake silitaji, na mtaona kwa nini.

Mwezi wa saba ikawaka taa kwenye dashibodi. Fundi mmoja akaifuta kwa kompyuta, wakapeana mikono, hela ikatoka. Wiki mbili taa imerudi. Ikafutwa tena. Akaja kwangu, nikavuta kijiti cha oili: oili imepanda juu ya alama, na inanuka dizeli. Nikamwuliza kama aliiongeza. Akasema hapana, tena kwa furaha, "Shemeji, hii gari haili oili, inazalisha!"

Sasa sikilizeni. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Masizi yakijaa, gari lenyewe huyachoma: kompyuta inaongeza dizeli, joto la chujio linapanda mpaka karibu nyuzi 600, masizi yanageuka majivu kidogo na safari inaendelea. Lakini kazi hiyo inataka mwendo wa kueleweka, dakika za kutosha barabara kuu, injini ikiwa ya moto. Ukizima katikati, haikukamilika. Kesho inaanza upya, unazima tena. Dizeli ile isiyoungua inateremka kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi, na injini inalainishwa na uji. Shemeji alikuwa anazima katikati kila siku ya Mungu, mara mbili.

Nikaomba nisome hiyo orodha iliyompa namba moja. Mchambuzi ameandika vizuri. Amesema gari linakula mafuta kidogo, lina nguvu, halichoshi safari ndefu. Aliliendesha Ulaya, mamia ya kilomita kwenye barabara kuu. Katika safari hiyo chujio lilijisafisha lenyewe na yeye hakujua hata kama lipo. Nikatafuta kosa lake, sikuliona. Kila alichosema ni kweli. Na gari nalo halikuwa na kosa. Lingepewa mtu wa Singida anayekuja Dodoma kila wiki na kurudi, lingezeeka naye. Ndiyo maana silitaji. Mkitoka hapa mkisema mwalimu kaliponda gari fulani, mtakuwa mmefanya orodha yenu wenyewe.

Orodha ni jibu. Swali lilikuwa la nani?

Mnajua ripoti ya shule. Mtoto amekuwa wa kwanza kwa kujumlisha hisabati, sayansi, michezo na unadhifu. Wewe unatafuta mtu wa kukupigia hesabu za duka, unamchukua huyo wa kwanza, kumbe hisabati alikuwa wa kumi na moja na alipandishwa na unadhifu. Orodha za magari ndivyo zilivyo. Kuna alama za skrini, za plastiki ya dashibodi, za mlango wa nyuma unaofunguka kwa kupitisha mguu. Kuna alama za dhamana! Kia wanatoa dhamana ya miaka 7 Uingereza, na Hyundai kule Marekani wanadhamini injini na gia miaka 10 au maili 100,000. Mchambuzi wa kule ana haki ya kuihesabu, msomaji wake ataitumia. Wewe unanunua gari lililokwishatumika, limevuka bahari. Dhamana haikupanda meli. Toa alama hizo kwenye jumla, uone namba moja inabaki ya ngapi. Na wa kwanza na wa sita mara nyingi wanapishana alama chache tu. Hizo hukuambiwa, umeambiwa nafasi.

Mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: mwalimu anawakataza watu kusoma ili waje gereji kwake. Mzee wangu, waliofuata orodha ndio wateja wangu wakubwa. Ningekuwa mfanyabiashara mzuri, leo ningewasifia orodha na kuwagawia kadi zenye namba yangu.

Tena wachambuzi nawaheshimu, wakipima. Kuna jarida la Marekani, Consumer Reports. Magari wanayoyapima wanayanunua wenyewe dukani kama mteja yeyote, na hawachukui matangazo. Mwaka 1988 walisema Suzuki Samurai, ile fowili ndogo, inainuka magurudumu ukikwepa kitu kwa ghafla, wakaandika kwamba haifai. Suzuki wakawapeleka mahakamani mwaka 1996, wakapatana 2004. Miaka yote hiyo jarida halikurudi nyuma. Na kule Sweden, mwaka 1997, waandishi wa Teknikens Värld walichukua Mercedes A-Class mpya, wakajaribu kukwepa kwa ghafla, ikapinduka. Mercedes ikabidi wairekebishe na kuiwekea mfumo wa kuzuia kuteleza. Mtu wa namna hiyo akisema breki hii inachelewa, mimi nanyamaza namsikiliza. Kupima ni kupima. Wasiwasi wangu unaanza pale anapojumlisha, maana hapo ameshaingiza maisha yake.

Na wale wanaopewa gari na kampuni kwa wiki moja, limeoshwa, tangi limejaa, wanapigwa picha ufukweni? Hao hawajawahi kubadilisha bushi. Tuwaache.

Sasa wenye Toyota RAV4 humu ndani, nyoosheni mikono. Naona nyingi, na mmoja ameinua ya mkewe. Hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua.

Mtu anasoma uchambuzi wa Marekani: RAV4 ya 2014, nzuri sana, imeshinda hii na ile. Anaingia kwenye mitandao ya magari ya Japani, anatafuta RAV4 ya 2014, anaiona, analipa. Gari linafika, linatolewa bandarini, anakuja kwangu na simu mkononi: "Mwalimu, mbona haifanani na ya kwenye picha?" Haiwezi kufanana. Ile ya Marekani ya 2014 ni kizazi cha nne, na Japani kizazi hicho hawakukiuza kabisa. Wao waliendelea na kizazi cha tatu, kile kilichotoka mwaka 2005, mpaka 2016, wakakaa bila RAV4 hadi 2019 kilipokuja cha tano. Kwa hiyo umesoma sifa za gari moja, umenunua jingine, na kwenye kadi mwaka ni uleule.

Msipumue, haijaisha. Chukua hicho kizazi cha tatu peke yake. Kilichouzwa Marekani ni kirefu, na chenye injini ya silinda nne kilikuwa na gia otomatiki ya kawaida, ya hatua nne. RAV4 ya Japani ni fupi, na ya lita 2.4 ina CVT. Ile ndefu Wajapani waliiita Vanguard. Sasa Mmarekani anaandika, gia boksi hii nimekwenda nayo maili laki mbili, haijanisumbua. Nakubali. Lakini gia boksi anayoisifu haimo kwenye gari lako! Wewe una CVT, mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na inataka oili yake maalumu. Fundi wa kichochoroni akimimina oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda unaanza kuteleza, gari linalia kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na wewe unarudi mtandaoni kuwatukana waliokwambia ni imara.

Nifanyeje basi? Dada, hilo ndilo swali. Usitafute kwa mwaka, tafuta kwa herufi za chesisi. RAV4 ya Japani ya kizazi hicho inaanza na ACA31 au ACA36. Vanguard ya lita 2.4 ni ACA33 au ACA38. Herufi hizo ukiziandika kwenye utafutaji, utaletewa maneno ya watu wenye gari lako. Wengine wako Kenya, wengine Pakistani, Kiingereza chao kimevunjika, lakini mmoja wao amelala chini ya gari kama lako na ana tope puani. Huyo msome mara mbili. Fanya vivyo hivyo kwa X-Trail, kwa Forester, kwa CX-5.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilijua. Kila mwaka shemeji ananila muda.

Basi haraka haraka. Tafiti za ubora: J.D. Power wa Marekani wana utafiti unaohesabu matatizo katika siku 90 za kwanza za gari jipya. Siku tisini! Gari la wengi wenu lina miaka kumi na zaidi. Wana mwingine wa gari la miaka mitatu, afadhali kidogo. Mimi napenda ripoti za ukaguzi za Wajerumani, za TÜV, kwa sababu zinayapanga magari kwa umri na zinafika hadi yaliyochakaa.

Nyota za usalama: ulizeni ni za mwaka gani. Fiat Punto ilipata nyota tano za Euro NCAP, wale wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, mwaka 2005. Mwaka 2017 ikapimwa tena, ikapata sifuri. Gari halikuoza, mtihani ndio uliokuwa mgumu zaidi.

Kodi: mchambuzi wa London haijui TRA, mamlaka yetu ya mapato. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unapanda injini ikizidi cc 2000. RAV4 ya lita 2.4 ina cc 2,362. Na gari likizidi miaka minane linaongezewa mzigo mwingine. Piga hesabu kabla hujapenda rangi.

Kuna alama moja ninayoiamini karibu mia kwa mia, nayo ni karatasi ya mnada wa Japani. Hii sitaikimbiza, mwenyekiti anisamehe. Orodha zote zinazungumzia aina ya gari. Karatasi ya mnada inalizungumzia gari lenyewe, hilo moja, ambalo mkaguzi amelizunguka. Nne na nusu ni safi, nne ni nzuri, tatu na nusu ina makovu ya maisha, R ilishagongwa ikatengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, S ni kutu. S zikiwa nyingi upande wa chini, huenda gari limetoka kaskazini kwenye theluji, ambako barabara zinamwagiwa chumvi. Gari la mwisho kwenye orodha lenye karatasi ya nne na nusu, mimi nalichukua mbele ya namba moja yenye R. Muuzaji akikwambia karatasi imepotea, mwambie na hela yako imepotea.

Fowili sikuigusa. Haibridi sikuigusa, na betri yake ina mhadhara wake. Nilitaka pia kusema juu ya spesa mnazoweka kunyanyua magari, mnavyoua boljointi, lakini basi. Vumbi: chujio la hewa likaguliwe mapema kuliko kitabu kinavyosema, kitabu hakikuandikiwa barabara ya Bahi wakati wa kiangazi.

Shemeji? Aliliuza lile gari kwa bwana mmoja anayesafirisha zabibu kwenda Dar es Salaam kila wiki. Taa haijawaka tena. Yeye sasa anatumia gari dogo la petroli ambalo halimo kwenye orodha yoyote, na ananipigia usiku kunieleza kwamba kuna orodha mpya ya magari madogo.

Maswali tutajibizana kwenye chai. Ila mwenye ile gari nyeupe, namba E, iliyoegeshwa chini ya mwarobaini: nilipita pale asubuhi, kuna oili inadondoka chini ya sampo. Usiwashe kwanza, tutoke wote nikaiangalie.