Choo cheusi siyo kila mara vidonda vya tumbo

Haya jamani, mliosimama nyuma viti viko huku mbele. Leo naongelea jisti (GIST), kansa ya tishu laini inayoota kwenye ukuta wa tumbo la chakula au utumbo mwembamba, adimu kiasi kwamba daktari anaweza kufanya kazi miaka bila kuiona, au akaiona asiijue.

Mgonjwa anakujaje? Amechoka, anahema akipanda ngazi, damu iko chini, choo cheusi kama lami. Anapewa dawa za vidonda, anaongezewa damu, anaenda nyumbani, miezi miwili mbele huyo karudi. Mnampiga endoskopi, ile kamera ya kupitishia mdomoni, mnaona kinundu, utando wa juu safi tu, mnakata kinyama, jibu linakuja hakuna kansa, mnafurahi. Jamani! Uvimbe uko chini ya huo utando, mmekata blanketi mkamwacha aliyelala. Mpeleke siti skani.

Halafu maabara. Seli zake ndefundefu zinafanana na za misuli, na zamani ndo walivyokuwa wanaziita, mpaka 1998 Hirota na wenzake kule Japani wakaonyesha jeni ya KIT, yaani maelekezo ndani ya seli, imeharibika, kama swichi iliyokwama taa inawaka tu. Kwa hiyo kile kipimo cha rangi cha CD117, yaani protini ya hiyo KIT, siyo anasa, bila hicho unatibu kansa nyingine kabisa.

Kama uvimbe unatoka wote, toa, ila usiupasue, ukipasukia tumboni mbegu zimemwagika. Matezi achana nayo, huko hauendi sana.

Uliosambaa je? Kemo ya dripu ilikuwa haiugusi. Mwaka 2000 Helsinki, Finland, mama mmoja ini limejaa uvimbe wakamjaribishia imatinibu, dawa ya kansa ya damu, wiki chache tu uvimbe ukaanza kunywea! Leo kawaida ni miligramu 400 kwa siku, na chakula na maji ya kutosha, na aliyeoperewa akiwa na hatari kubwa ya kurudiwa anameza miaka 3. Kuna jisti chache zenye hitilafu ya D842V kwenye jeni nyingine, PDGFRA, hapo imatinibu haifui dafu, ndo maana napigia kelele kupima jeni.

Na hili linaniuma: skani ya marudio uvimbe saizi ileile, mtu anaambiwa dawa imeshindwa, anaachishwa. Angalieni weusi wake kwenye picha ya skani! Ukiwa mweusi kuliko mwanzo ujue ndani unakufa, hata sentimita zisipopungua.

Dada mwenye kilemba, uliinua mkono.