Kilomita na Saa Katika Safari za Ndege

Waungwana wa Lamu, mabibi na mabwana, asalaam aleikum.

Jambo hili nimelisema mara nyingi mbele yenu, na nitalirudia mpaka lisikike: umbali baina ya viwanja viwili vya ndege haukupi peke yake muda wa kusafiri baina yake. Vijana wetu hufungua simu, wakaona kwamba kutoka Nairobi mpaka New York ni karibu kilomita 11,800, wakazigawa kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, wakapata saa 13 na dakika chache, kisha wakampangia jamaa aliye kule wakati wa kuja kuwapokea. Jamaa huyo atangoja sana.

Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja baina ya miji hiyo tarehe 28 Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Umbali ni ule ule na ndege ni ile ile. Basi saa moja imekwenda wapi? Watu wa bara wana udhuru wa kuliuliza swali hilo, lakini sisi hatuna. Mababu zetu waliingoja kaskazi iwaletee majahazi kutoka Arabuni, na kusi iyarudishe, wala sidhani kama kulikuwa na nahodha aliyeulizwa safari ya Maskati ni ya siku ngapi akajibu bila ya kwanza kuuliza ni mwezi gani.

Najua mmoja wenu ataniambia kwamba jahazi lina tanga na ndege ina injini. Naam, lakini injini huisukuma ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe inakwenda. Katika kimo cha kilomita 10 hadi 12, juu ya Atlantiki ya Kaskazini, upepo mkuu hutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ya huko kaskazini mkondo wake unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ndege iendayo kilomita 900 ndani ya hewa, ikikutana na upepo wa omo, yaani wa mbele, wa kilomita 100, hupunguza umbali wa ardhini kwa kilomita 800 tu kila saa. Ikirudi na upepo huo kwenye tezi, yaani nyuma yake, hupata 1,000. Ndiyo maana rubani huweza kuiacha njia fupi akashika ndefu, na akafika mapema.

Ramani ya ukutani nayo imewapoteza wengi. Mtu huchora mstari wa kutoka Dubai mpaka Los Angeles ukipita juu ya Afrika na Atlantiki, ilhali njia fupi, ya karibu kilomita 13,400, hupita karibu na Ncha ya Kaskazini. Nyosheni uzi juu ya tufe la shuleni, mtaiona. Sina nafasi ya hesabu zake.

La saa za tiketi nitalipitia tu. Kila saa iliyoandikwa ni ya mahali pake. Ukiondoka Nairobi saa 5:30 usiku, ukasafiri saa 15, utafika saa 12:30 asubuhi za New York wakati wa baridi, na ukitoa bila kuhesabu tofauti ya saa 8 utadhani ulisafiri saa 7. Isitoshe, muda unaotangazwa huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na hukoma inapoegeshwa kule. Haujui habari za boti ya kuvukia Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege, wala ndege ya kwenda Nairobi, wala foleni ya pasipoti. Hayo, anayetoka Lamu atayaongeza mwenyewe.